Mama Mkwe, Betri Imekufa Tena

Mpendwa mama mkwe,

Pikipiki yako imegoma tena. Leo asubuhi Ciru aliitoa kibandani, akabonyeza kitufe, nayo ikatoa kikohozi kimoja kikavu na kunyamaza. Taa hata hazikujaribu. Binti yako akanigeukia na ule uso aliourithi kwako, akasema, "Fundi, kuja ufanye kazi yako." Nikaweka kikombe cha chai chini nikaenda kusukuma, na njia nzima nilikuwa nacheka peke yangu hadi majirani wakatoka nje kuangalia kuna nini. Ndipo nikaamua kukuandikia, ingawa najua posta ya huko uliko haijafungua tawi Kabazi.

Nataka tuzungumze kuhusu ile siku yangu ya kwanza kwako. Hatukuwahi kuizungumzia, kwa sababu wewe na mimi hatukuwahi kuzungumzia chochote. Maneno yetu karibu yote yalipitia kwa Ciru.

Kwanza ujue kwamba jina la fundi sikujipa mimi. Ciru ndiye aliyekuambia anakuletea kijana fundi wa pikipiki. Mimi nilikuwa nauza helmeti na matairi katika duka la vipuri mjini Nakuru. Ni kweli nilikuwa na pikipiki, ile ya kawaida yenye klachi mkononi kama ya kila mtu wa bodaboda, na niliijua vizuri. Lakini kuuza tairi ni kitu kimoja, na kufungua injini mbele ya mama wa mchumba wako ni kitu kingine kabisa. Nilipomuuliza Ciru kwa nini amedanganya, alinijibu bila aibu, "Sijadanganya, nimekuombea."

Halafu kulikuwa na baba yangu. Alinipigia simu kutoka Bungoma kabla hata sijafunga viatu, akanisomea sheria za ukwe upya kana kwamba sikulelewa nyumbani kwake. Mama mkwe humpi mkono. Humtazami usoni. Huketi naye kiti kimoja, na mkikutana kwenye njia nyembamba ni wewe unayeingia nyasini. "Na ukimgusa hata kwa bahati mbaya," akasema, "anza kutafuta mbuzi wa faini." Ciru aliniambia kwenu pia mambo hayako mbali sana na hayo, ila nyinyi hamyasemi kwa simu.

Kwa hiyo nilifika kwako nikiwa na suti iliyonibana kwapani na haja moja tu moyoni: unikubali. Baba yake Ciru alikuwa ametangulia miaka mingi, na kila mtu alijua neno la mwisho katika boma lile lilikuwa lako.

Hata chai hatukumaliza. Simu yako ikalia, na alikuwa ni Baba Njeri, yule jirani wa upande wa pili wa kilima. Ng'ombe wake alikuwa ameanza kutaka dume tangu alfajiri. Wewe, ambaye kazi yako ilikuwa kupandisha ng'ombe wa watu kwa mrija, ulikuwa umeshampandisha mara mbili na mara zote mbili akarudi kutaka dume, na Baba Njeri alikuwa ameapa kwamba akikosa tena anamwita mchinjaji. Nilikusikia ukimwambia, "Wewe mwambie huyo mchinjaji akae kwake. Nakuja." Ukasimama, ukafunga leso kichwani, ukachukua ule mtungi wako mzito wa mbegu za fahali uliokaa kwenye baridi yake kona ya sebule kama mgeni mwingine. Nakiri nilikuwa nimeutazama mtungi ule muda wote nikidhani ni wa maziwa, na nilikuwa najiuliza kwa nini hatupewi.

Huko nje ukabonyeza kitufe cha pikipiki. Kikohozi kimoja, kimya. Ukajaribu kiki ya mguu, nayo ikashuka laini bila kukamata kitu, maana meno yake yalikuwa yamelika zamani na wewe ulikuwa umezoea kitufe. Ukamtazama Ciru. Hukunitazama mimi. Ukasema, "Si ulisema huyu ni fundi?"

Mama, hapo ndipo nilipovua koti.

Nilijua la kufanya. Pikipiki iliyokufa betri unaisukuma, unakimbia nayo, unaruka juu, unaachia klachi, inashika. Nimefanya hivyo barabarani Nakuru mara ngapi sijui. Nikatoa ile yako langoni, nikaikimbiza kwenye barabara ya murramu kwa mbwembwe zote, suti ikalia mahali fulani mgongoni, nikaruka juu, mkono wa kushoto ukaenda kutafuta klachi, na mkono ukakuta hewa. Nikashika tena. Hewa. Nilikuwa nakamua hewa kama mtu anayekamua ng'ombe asiyekuwepo, na kilima kinaanza kuteremka.

Ciru alikuwa anakimbia nyuma akipiga kelele, "Haina klachi! Hiyo haina klachi, unatafuta nini?"

Sikuwa nimewahi kupanda pikipiki ya aina ile. Uliinunua, nilikuja kuelezwa, kwa sababu inapandwa kwa kupitisha mguu mbele, na wewe ulikuwa umekataa katakata kurusha mguu nyuma kama askari ukiwa na sketi ya kanisani. Klachi yake hujiendesha yenyewe ndani huko. Mimi kwa hofu nikakanyaga gia ya kwanza kwa nguvu zote. Gurudumu la nyuma likajifunga, pikipiki ikasimama, lakini mimi sikusimama. Niliendelea na safari hadi kwenye nepia, yale majani ya ng'ombe, ya jirani yako, na nilipotoa kichwa nikaona viatu vyako vya gambuti vimesimama barabarani. Sikuthubutu kuangalia juu zaidi ya hapo.

"Ciru," ukasema, "muulize kama ameumia."

"Umeumia?"

"Mwambie sijaumia."

"Hajaumia."

"Basi mwambie atoke kwa hiyo nepia, ni ya watu."

Ukapanda wewe mwenyewe. Ukamwambia Ciru akubebee mtungi, na mimi nisukume kutoka nyuma. Na sasa niambie, mama, mtu asukume namna gani mama mkwe wake akiwa juu ya pikipiki? Keria ile ya nyuma niliweza kuishika, lakini ili kuisukuma lazima uiname, na ukiinama uso wako unafika mahali ambapo baba yangu hakuwa na sheria yake kwa sababu hakuwahi kufikiria jambo kama hilo litatokea. Nilifanya alichoweza kufanya mtu mwenye adabu. Niligeuza uso kando. Nikasukuma kwa nguvu zote huku nikiangalia shamba la kabichi upande wa kulia, mwili mzima ukivuta mkia wa pikipiki huko huko, na bila kujua nikawa naelekeza tairi lako la mbele kwenye mtaro upande wa kushoto.

Ulipiga breki tairi la mbele likiwa limeshaingia nusu. Kwa mara ya kwanza hukupitia kwa Ciru. Ulipaza sauti hadi ndege wakaruka kwenye mikaratusi.

"Wewe! Wacha kuangalia kabichi, angalia barabara! Hiyo heshima utaniletea siku nyingine!"

"Ndiyo, Mama."

"Naweka gia ya tatu. Hii pedali ya gia nikiikanyaga na kuishikilia chini, hiyo ndiyo klachi. Ukisikia nimesema sasa, utupe nguvu yote, mimi naachia. Umeelewa?"

"Ndiyo, Mama."

"Na ufunge mdomo, utameza vumbi."

Tukashuka kilima. Nilikimbia kama sijawahi kukimbia, macho wazi mbele, na Mungu anisamehe kwa yote niliyoyaona. Ukasema sasa, nikatupa nguvu, mguu wako ukaachia pedali, injini ikapiga chafya mara moja, mara mbili, ikashika. Moshi wote ukanijia mimi. Sijawahi kusikia mlio mtamu kama ule tangu nizaliwe.

Nilidhani kazi imeisha. Ukazunguka, ukarudi polepole bila kuzima, ukamwambia Ciru, "Mwambie apande."

Ciru akashtuka. "Apande wapi?"

"Hapa nyuma. Ikizima huko kwa Baba Njeri nani atanisukuma? Ng'ombe?"

Injini ikaendelea kunguruma. Mimi nilikuwa naona mbuzi wa baba yangu wakipita mmoja mmoja. Ndipo ukatoa hukumu ambayo mpaka leo naihesabu kuwa ya busara kuliko za wazee wote walioketi kwenye mahari yetu. "Mtungi uje katikati," ukasema.

Na ndivyo tulivyopita Kabazi. Wewe mbele, mtungi wa mbegu za fahali katikati, mimi nyuma nimeukumbatia kwa mikono miwili, nimeegemea nyuma kiasi kwamba kila shimo lilikuwa linanipeleka mbinguni. Akina mama waliokuwa wanachimba viazi walisimamisha majembe. Mmoja akauliza kwa sauti, "Daktari, huyo ni nani?" Nikatega sikio kwa sababu hilo ndilo swali lililonileta kwako. Ukajibu, "Ni wa kusukuma."

Ng'ombe yule alishika mimba, na mchinjaji akabaki na kamba yake. Mimi nilirudi Nakuru jioni hiyo na suti iliyopasuka na jibu ambalo halikuwa ndiyo wala hapana. Mahari ilikuja, wazee wakaongea, wewe ukanyamaza. Harusi ikaja, ukavaa gauni la zambarau na ukanyamaza. Miaka ikapita. Kila tulipokuja ulinipa gunia la viazi, lakini lilikuja na ujumbe kwa Ciru: "Mwambie mumeo apunguze chumvi." Nikiwa nimeketi pale pale! Mara nyingine nilikuwa najibu kabla Ciru hajafungua mdomo, nawe unasubiri kwa utulivu hadi yeye arudie. Nilicheka sana na mambo hayo, mama, lakini usiku mwingine nilimuuliza Ciru kama kweli ulinikubali au ulinizoea tu. Alisema nikuulize mwenyewe, na sisi sote tulijua hilo haliwezekani.

Kisha miguu yako ikaisha nguvu. Unaikumbuka asubuhi ile ya mvua, ulipokuwa hupumui vizuri na gari lililokuja kukupeleka hospitalini likakwama kwenye tope huko chini barabarani. Wanao wa kiume walikuwa mbali, mmoja kazini Olkaria, mwingine Mombasa. Ciru alikuwa na mimba kubwa na hangeweza kuinua kitu. Nilisimama mlangoni mwa chumba chako, sijaingia, uso nimeugeuzia ukutani kama nilivyofundishwa, nikisikiliza kifua chako kinavyohangaika. Sijawahi kuchukia adabu kama nilivyoichukia dakika ile. Nilikuwa namwambia Ciru aende akaite majirani, akaite yeyote.

Ukaniita wewe.

"Wafula."

Hukuwahi kulitamka jina langu kabla ya hapo. Nikageuka, nikakutazama machoni, na ulikuwa unanitazama pia, na nadhani kila mmoja wetu alishangaa kuona sura ya mwenzake ilivyozeeka.

"Kuja unibebe," ukasema.

Nikaingia. Nikakuinua. Ulikuwa mwepesi sana, mama, nilitaka kulia kwa wepesi wako. Ukaweka mkono shingoni mwangu bila kusita, nikakushusha kilima chote cha tope, huku ukinikaripia njiani nisiteleze na niangalie ninapokanyaga. Hospitalini nesi akauliza mimi ni nani wako. Nilifungua mdomo nieleze habari ndefu ya ukwe, ukaniwahi.

"Ni mtoto wangu," ukasema, ukafumba macho kama mtu aliyemaliza mazungumzo.

Nilimwambia baba yangu kwamba nimekubeba mikononi. Nilitegemea anitajie mbuzi. Akauliza tu kama ulifika salama.

Sasa ni mwaka mmoja na zaidi tangu tukulaze pale juu ya shamba. Nakukosa kuliko nilivyotarajia kumkosa mtu niliyezungumza naye kwa miaka yote hiyo kupitia kwa mkalimani. Ciru amechukua mtungi wako na anazunguka vilima, na watu wanamwita daktari. Betri nitainunua, usijali. Nenda salama, mama, na huko uliko kama kuna mtu anayekusukuma, mwambie asikuangushe mtaroni.

Mtoto wako,
Wafula