Mapigo ya Kidole Gumba

Kwa mdogo wangu Kishada,

Salamu nyingi zitangulie, na nyuma yake nakujulia hali. Mimi sijambo. Magoti ndiyo yanayolalamika, lakini hayo tangu lini yakakosa la kusema? Natumaini barua hii itakukuta mzima, na wajukuu hawajaibomoa nyumba.

Usicheke: nimeanza mazoezi. Kila Jumanne wastaafu kumi tunakutana kwenye ukumbi ulio juu ya duka la rangi. Mkufunzi wetu, binti mwenye filimbi, hutuendesha mchakamchaka: sekunde ishirini kazi, kumi mapumziko, mara nane. Unanijua, sifanyi jambo bila kulichunguza. Mwili hautaabiki kwa namna moja. Baiskeli isiyokwenda popote huchoma mapaja kwanza. Kamba humaliza pumzi upesi, mtu akabaki kinywa wazi. Vyuma vina hila: mikono inatetemeka, unadhani unakufa, kumbe moyo ndio kwanza uko njiani unapanda. Lakini binti anasema kupanda si kitu. Moyo wenye afya hujulikana kwa jinsi unavyoshuka mtu akipumzika.

Maneno hayo yalinirudisha uani kwetu. Mimi nimekuja likizo kutoka chuo cha ualimu, najiona profesa. Wewe na kamba yako ya katani, miguu kama haigusi chini. Ukiruka mara mia, unapanda mbio kilima cha tangi la maji, nami nyuma yako na daftari na saa ya baba, nahema kama mvukuto. Ulinitania kwamba msomi anatafuta wa kumbeba. Kileleni nilikushika kifundo cha mkono, nikahesabu mapigo, nikaandika. Hata sasa nikifumba macho naliona vumbi lile jekundu kwenye vifundo vya miguu yako.

Mwalimu wa michezo alipoleta barua ya kukuita kwenye timu ya taifa ya vijana, mimi ndiye niliyemwambia baba kwamba moyo wako unaruka pigo, na kwamba ukipumzika haushuki. Baba aliikunja ile barua akaitia mfukoni. Wewe ulitundika viatu msumarini bila chozi. Ulisema heri kukosa medali kuliko kukosa uhai, ukanishukuru kwa kuwa kaka msomi.

Sasa nisikilize, mdogo wangu. Jumanne iliyopita tuliambiwa tupimane mapigo wawili wawili. Nilimshika jirani yangu, fundi cherehani mstaafu, nikatangaza kwamba moyo wake unaruka. Mkufunzi alitazama mkono wangu akaangua kicheko. Alisema, babu, unajihesabu mwenyewe. Gumba lina mshipa wake unaopiga, ndiyo maana tunapima kwa vidole viwili vya mbele. Akamfunga fundi mkanda wa kupimia, unaolia kwa kila pigo: moyo wake ulikwenda sawasawa kama cherehani yake. Akanifunga mimi. Moja, mbili, kimya. Moja, mbili, kimya.

Daktari amethibitisha. Nina kasoro hiyo tangu ujana. Haikuniua, na dawa zipo. Nami siku zote zile kilimani nilikushika kwa gumba, Kishada. Moyo ulioruka pigo ulikuwa wangu. Moyo uliokataa kushuka ulikuwa wangu, kwa kuwa nilikuwa nimekimbia nyuma yako. Wako sikuwahi kuusikia.

Mwanao ameniambia kwamba hadi leo hubebi mjukuu, huchezi ngoma harusini, na ukipanda ngazi za nyumbani unakaa kwenye ngazi ya saba upumzike, si kwa uchovu bali kwa tahadhari. Miaka arobaini na minane umeulinda moyo wako dhidi ya ugonjwa ulio wa kaka yako. Sina neno la kulipia hilo. Nenda kwanza kwa daktari akupime, usiniamini mimi tena.

Wasalimie wajukuu wote, na jirani yako mpenda ugomvi. Ukinisamehe, usihangaike kuandika. Siku hiyo ipite ngazi ya saba bila kukaa; mwanao ataniambia.

Ni mimi kaka yako,
Mwalimu