Diski za Kamera ya Mlangoni

Fundi Elia, shikamoo. Najua huitikii. Ni mimi Kabula, mwanafunzi wako, na nina hasira za kuua mtu.

Walikupiga mawe na nondo mbele ya duka letu hapa Ngara mjini, kisa laptop ya mteja uliyokuwa umeishika. Yule bwana alipiga kelele "Mwizi!" na stendi nzima ikamiminika. Mimi natoka sokoni nakuta damu yako kwenye ngazi na watu wanacheka. Wanacheka, Fundi! Kisha wakaingia ndani wakaponda kila kompyuta.

Kijijini kwenu Kasulo tulikuzika wachache, kama tunazika mbwa. Jirani zako hawakuleta hata kuni. Mama yako anaitwa mama mwizi, watoto wanamrushia udongo. Hilo nilishindwa kulivumilia, nikarudi kwenye yale mavyuma ya dukani kutafuta picha za kamera ya mlangoni.

Diski mbili zilipona, pamoja na ile kadi kuukuu ya kuziendesha uliyoing'oa kwenye seva ya mtumba. Ulivyojisifu nayo! Kila faili nusu huku, nusu kule, na bila kadi hiyo hakuna anayesoma kitu. Nikaichomeka kwenye mashine nyingine. Wapi! Kwenye kerneli mpya, yaani kiini chenyewe cha mfumo, waundaji walishaitupa draiva, ile programu ya kuiendesha kadi ya kizee namna ile. Nikatafuta kerneli ya zamani, nikaipata draiva yetu, nikaiwekea M kwenye orodha ya kuundia, nikaiunda kerneli upya kwenye flashi, mfumo uliobaki ukiwa kwenye diski zilezile. Umeme ukakatika katikati, nikaanza tena. Ikawaka, halafu ikagoma: haioni diski. Nilikipiga kioo ngumi kikapasuka, mkono ukachanika.

Ndipo nikakumbuka ulivyokuwa ukinifokea: "We Kabula, draiva ya diski unaiacha nje ya kerneli, itasomwa kutoka wapi? Kwenye diski hiyohiyo? Umefungia ufunguo ndani ya nyumba!" Mjinga mimi. Ukiweka M, draiva inakaa kwenye faili la pembeni, na kerneli inalitafuta faili hilo kwenye diski ambayo bado haijaiona. Nikabadilisha nikaweka Y, draiva ikaingia ndani ya kerneli yenyewe. Diski zikafunguka.

Yule bwana anaonekana akikukabidhi laptop kwa mikono yake. Baadaye anarudi, unatikisa kichwa kwamba haijapona, anakuzaba kofi, anageukia barabara na kupiga kelele. Jiwe la kwanza alirusha mwenye bucha, huyuhuyu wa mlango wa pili uliyekuwa ukimtengenezea simu zake bure. Na nondo ilikuwa yake. Nilikuona ukikinga kichwa, mkono ukavunjika, wakaendelea.

Haki ya Mungu, panga nilishalinoa. Nilishafika mlangoni kwa huyo mwenye bucha. Sijui nini kilinirudisha, labda ni sura ya mama yako tu. Nikapanda bodaboda nikampelekea picha Kasulo. Nilitaka kuzima kabla ya jiwe la kwanza, akanishika mkono: "Acha. Nilimzaa mimi, nitamwona mpaka mwisho." Akaangalia mpaka mwisho bila kupepesa. Kisha akajifunga kitenge, tukaenda polisi.

Yule mteja na mwenye bucha wako ndani. Waliobaki wananitumia ujumbe kwamba duka litachomwa nami nikiwemo. Walichome! Picha nimezinakili, na mama yako analala na nakala yake kifuani.

Pumzika, Fundi wangu. Nimekulilia mpaka sauti imekauka, sasa basi. Kesi ikiitwa nitasimama niwataje mmoja mmoja wakinitazama machoni. Hukuwa mwizi, na nakuapia, watalisema hilo kwa midomo yao wenyewe mbele ya mama yako.