Alama ya Patasi

Jumatatu, 3 Machi

Kaka kapata mnunuzi wa pikipiki ya Baba. Mwoka mikate. Anakuja Jumamosi. Nikamuuliza, Baba umemwambia? Akacheka! Eti Baba hajui hata leo ni siku gani, nimwambie nini. Na Baba yupo palepale kwenye kiti chake cha dirishani, shuka magotini. Tangu apooze mwezi wa tisa hajatamka neno. Lakini yumo. Ananisikia. Najua ananisikia!

Nimemwambia Kaka: huyu ni fundi aliyepanga wakati wa moto wa injini kwa sikio miaka thelathini. Nikiiwasha ikae sawa, ataijua tu. Na akiijua, huuzi kitu. Kakubali kwa kejeli – haya, fundi cherehani, tuone.

Ngoja aone.

Jumanne, 4 Machi

Haiwaki. Plagi mpya, petroli safi, wapi! Cheche ipo, ila inaruka wakati si wake. Kama sindano inayoshuka uzi haujafika: unatoboa kitambaa bure.

Baba alikuwa akisema, moto una adabu zake, mwanangu. Ukiwahi ni fujo, ukichelewa ni uvivu. Sigara havuti, lakini karatasi zake alikuwa akiziomba kwa jirani. Anachomeka moja kati ya vile vidomo viwili vya kutoa cheche, halafu anazungusha gurudumu la sumaku la injini kwa mkono, taratibu. Kazi yangu kuivuta karatasi. Vidomo vikiachana, karatasi inachomoka, mimi napiga kelele: imeachia! Hapo ndipo cheche inaporuka, na hapo alama ya kwenye sumaku itazamane na ya kwenye injini. Nilikuwa na miaka saba. Nilidhani bila mimi hakuna pikipiki inayotembea mji mzima.

Harufu ya petroli kwenye shati lake, jamani. Nimelia kidogo.

Jumatano, 5 Machi

IMEWAKA! Peke yangu – mkono huu karatasi, mkono huu sumaku, nimefuata alama ya kiwandani bila kukosea hata unywele. Kiki ya kwanza ikanirudishia teke la kifundo cha mguu. Shukrani ya punda! Ya pili ikaitika. Safi, kali, kama mpya. Jirani kapiga makofi juu ya ukuta.

Nikakimbilia ndani. Baba, unaisikia?

Kageuza uso ukutani.

Kaka alikuwepo. Katoka tu nje. Afadhali angenicheka.

Alhamisi, 6 Machi

Mguu umevimba. Nimeshona zipu nne. Sitaki kuiona.

Ijumaa, 7 Machi

Mguu ndio ulionikumbusha. Mama! Mjinga mimi, pikipiki ya Baba tunaiita, lakini aliyeipanda ni Mama. Mkunga, anaitwa saa yoyote. Siku moja ikampiga teke hilihili. Karudi ndani anachechemea, anafoka: chagua, mimi au punda wako! Baba alitoka na nyundo na patasi.

Nimefuta grisi kwenye sumaku. Ipo! Alama ndogo ya patasi, upana wa ukucha kutoka ile ya kiwandani. Alichelewesha moto kusudi, ili injini isimrudishie Mama teke. Yeye, aliyekuwa akigombeza watu kwa moto uliochelewa! Mafundi wenzake walimtania kwamba pikipiki yake ina kifua, inakohoa. Yeye akawajibu, inamfaa mwenye kuipanda. Na kwa kikohozi kile tulijua Mama kafika kona. Baba anaacha chochote alichoshika, anakwenda kufungua geti. Kila siku. Mpaka mwaka ule tuliomzika, miaka mitatu sasa.

Nimelegeza skrubu mbili, nimesogeza sahani yenye vidomo mpaka karatasi ikaachia kwenye patasi. Sijaiwasha. Naogopa.

Jumamosi, 8 Machi

Mwoka mikate kafika saa nne, kofia kichwani. Kaka kafunga geti, kaniambia, haya, mara ya mwisho.

Kiki moja tu. Haikupiga teke. Ikakohoa, ikashika, ikaendelea kukohoa. Kaka kaganda.

Ndani kiti kikalia kwa nguvu. Baba! Kashika nondo za dirisha kwa mkono mzima, anajivuta, mdomo umepinda – na maneno yakatoka.

"Mfungulieni."

Kaka kauliza kwa sauti ndogo, nani, Baba?

"Mama yenu huyo. Mfungulieni geti."

Kaka kakaa chini kwenye ngazi, analia kama mtoto. Mwoka mikate kavua kofia, hajui aondoke au abaki. Na mimi niliyetaka kushinda – nimeshinda? Kaijua. Tena kaijua kuliko mimi!

Geti nimelifungua, pande zote mbili. Baba analitazama, anatabasamu kwa upande mmoja. Naandika haya kizingitini. Nje bado inakohoa, hakuna anayethubutu kuizima.

Nilitia petroli ya kujaribia tu. Nusu lita.