Matawi Yaliyotupwa Kichakani

Hamisi mjukuu wangu, mume mtoro wewe! Miaka yote hiyo huko Ulaya hujakanyaga kwetu Mafubira, leo unaniuliza sheria za kuendesha gari kutoka Jinja mpaka Mbale? Sisi wazima. Shangazi yako amejifungua msichana. Nasema mimi, jirani anaandika.

Sheria za vitabuni sizijui. Ila nilipokuwa ndiyo kwanza nimeolewa, shemeji yangu alirudi kutoka ng'ambo akatupeleka Mbale kwa gari. Akakuta matawi mabichi yamewekwa barabarani. Akasimama, akayatupa yote kichakani, akarudi anatabasamu kama mtu aliyefagia msikiti.

Mara dereva wa lori akatokea konani mbio. "Bwana, unatuua! Lori limekufa hapo mbele, fundi yuko chini yake!"

"Kwani matawi ni alama?"

"Ulidhani mboga?"

Tukayarudisha yote. Njia nzima shemeji akawa ananiuliza nani aliiandika sheria ile. Hata leo nachanganyikiwa: jambo tunalolijua sote bila kufundishwa, mgeni atalijulia wapi?

Basi ukija, usukani usiushike kwanza. Kaa mbele na mjomba wako mpaka Mbale, na usichokielewa barabarani, uliza kabla hujakigusa.