Taa ya Oili na Macho ya Mama

Baba, shikamoo.

Nimekaa kwenye kiti chako cha dereva, mlango wazi, miguu nje, gari limezimwa. Mama amelala ndani ya nyumba. Jua ni kali na upepo unatusukumia vumbi kama unavyoujua. Nimechoka, Baba. Nimechoka mpaka kulia kwenyewe naona uvivu. Lakini kuna mambo ya nyumbani ambayo lazima uyasikie kwangu, kwa sababu wengine wakikusimulia watapindisha.

Tangu tukuzike sijarudi Itigi. Meza yangu ya chakula pale stesheni nimemwachia mwenzangu, nikaja kukaa hapa Sepuka kwa sababu ya Mama. Ulimwacha macho yakiwa yameshafifia, anaona ukungu tu. Sasa jicho la kushoto limezimika kabisa kwa mtoto wa jicho, na la kulia lilikuwa linalifuata. Akimimina chai ilikuwa inakwenda mkononi. Alikuwa anasema haijamuunguza, halafu anaficha mkono chini ya khanga. Wageni wakija wanatoa pole, wanakunywa chai hiyohiyo, kisha wanauliza gari litakuwaje.

Siku ya maziko mchungaji alihubiri kwamba mwili nao una taa za kuonya kama gari, na marehemu dereva mzima hakuziangalia zake. Watu wakatikisa vichwa. Mimi nilitamani anyamaze. Presha yako tuliijua wote, vidonge ulikuwa unameza, kliniki ulikuwa unakwenda. Mtu mwingine hufa tu, na wewe ukafa. Nimeona nikuambie hilo mapema, maana lilinikaa kooni.

Tulipomaliza kuzika, wazee wakakaa chini. Wakaamua pikapu yako isitoke uani mpaka arobaini ipite, na ufunguo akae nao Baba mdogo Yona. Nikasema gari siyo jembe, likikaa linaharibika. Nikajibiwa kuwa chombo cha marehemu kinapumzika na mwenyewe. Basi kikapumzika. Wakakifunika turubai, na kuku wa Mama wakahamia chini yake wakachimba mashimo yao ya kuogea vumbi.

Arobaini ikafika. Baada ya ibada, ukoo mzima umejaa uani, Baba mdogo akaazima betri ya gari la jirani na kuliwasha lako. Lilipounguruma wanawake walipiga vigelegele, na hata mimi nilijikuta nalia. Taa za dashibodi zikazimika kama kawaida, isipokuwa moja. Nyekundu. Shangazi Mele alikuwa amesimama dirishani amemshika Mama mkono. Akasema, tena kwa sauti ya kusikika, "Kaka hajaridhika."

Unamjua dada yako. Akisema jambo limeshakuwa.

Mama akauliza iko wapi. Wakamshika kichwa wakamgeuzia. Alama haioni, umbo lake halioni, kwake ilikuwa doa jekundu gizani. Alilia, Baba, kilio ambacho hata makaburini hakulia. Mimi nilikuwa napiga kelele kwamba ni oili, kwamba ni ile alama ya kibirika cha oili, zimeni gari. Baba mdogo alizima, hilo nimpe haki yake. Lakini hadi watu wanatawanyika hakuna aliyekumbuka habari ya oili. Walikumbuka kwamba kaka hajaridhika.

Nilikikumbuka kiwanja cha mpira cha shule ya msingi, uliponifundishia kuendesha. Ulikuwa hunipi nafasi ya kuwasha gari mpaka tuite mahudhurio. Unazungusha ufunguo nusu, taa zote zinajitokeza, na wewe unazisomea majina kama mwalimu wa zamu. Betri? Ipo. Breki? Ipo. Joto la maji? Lipo. Kibirika cha oili? Kipo. Ndipo unawasha, na zikishazimika tunaondoka. Ulisema nyekundu mtu hajadiliani nayo, anasimama pale alipo. Njano unaweza kwenda nayo polepole mpaka kwa fundi, mradi usiizoee. Nilikuwa nakuona msumbufu. Wenzangu walikuwa wanafundishwa na kaka zao, siku hiyohiyo wanaendesha.

Basi ikawa kila Jumapili Baba mdogo akitoka kanisani anapita kulipasha moto gari. Mama anaomba akae mbele. Taa inawaka, na yeye anaweka kiganja kwenye kioo cha dashibodi na kuuliza, "Baba Rehema, kuna nini tena?" Anaongea nayo. Anaisimulia habari za shamba, ndama aliyezaliwa, alizeti zilivyochelewa, nani ameumwa. Mimi nasema injini itakufa, Baba mdogo anasema ni kidogo tu. Naomba ufunguo nifungue boneti, anasema nisubiri kikao cha ukoo. Nilishinikiza hadi nguvu zikaniishia, na nikishachoka unajua ninavyokuwa. Naosha vyombo kwa hasira.

Likaja tangazo zahanati kwamba madaktari wa macho wanakuja hospitali ya mjini, watatoa watu mtoto wa jicho, wakimaliza wanaondoka. Hakuna aliyejua kama watarudi, na lini. Mama tukamwandikisha. Siku zilipokaribia akasema haendi. "Baba yenu anakataa nisitoke. Si mnaiona taa?"

Nilimbembeleza. Mchungaji akaja akambembeleza, na safari hii nilimshukuru. Nikasema basi twende kwa basi la abiria, tuliache gari. Akasema hata kwa basi, hawezi kuondoka uani wakati wewe umekasirika. Baba, nilimwona akipapasa ukuta kwenda chooni, na nikajua kwamba lile jicho moja likizimika tutampapasia sisi mpaka mwisho wa maisha yake. Kwa sababu ya taa. Nilikasirika hadi nikalipiga gari teke, kwenye tairi lakini.

Jumamosi ya kuamkia safari Baba mdogo akaja anatabasamu. Akamkalisha Mama mbele, akawasha. Nyekundu hakuna. "Kaka ameridhika, shemeji," akamwambia. Mama alicheka. Alifungasha begi mwenyewe kwa kupapasa, akachagua ile khanga uliyomletea kutoka Manyoni. Usiku ule nililala kama mtu aliyeshushwa gunia mgongoni.

Asubuhi nikakabidhiwa ufunguo, "kwa leo tu." Mama ameshakaa, chupa ya chai katikati ya miguu. Nikazungusha nusu. Betri, ipo. Breki, ipo. Joto, lipo. Ile njano ya injini, ipo.

Kibirika hakipo.

Nikarudisha ufunguo, nikazungusha tena. Hakipo. Taa nzima huwa inajitokeza kwanza kabla injini haijaunguruma, ndipo inazimika. Isiyojitokeza kabisa haijapona, imezibwa mdomo. Hayo ni maneno yako, na pale nilikuchukia kwa kunifundisha. Mama ananiambia, "Washa basi, tutachelewa." Ningewasha tu. Labda tungefika. Nikimwambia ukweli atashuka, na akishuka hapandi tena. Nisipomwambia, gari likitufia katikati ya mashamba ya watu atasema ndiyo wewe umeamua, na hapo hata malaika hatamtoa nyumbani. Nilikaa nimeshika usukani kama mwanafunzi.

Nikashuka. Nikafungua boneti. Nikachomoa stiki ya kupimia oili, nikaifuta, nikaichovya tena. Kavu. Pembeni ya injini waya wa ile taa ulikuwa umechomolewa, ncha yake imekunjwa vizuri na kufungwa kitambaa. Nikamtazama Baba mdogo. Yeye akatazama viatu vyake.

"Kila Jumapili analia na dashibodi, Rehema," akasema. "Mimi nimemzika kaka yangu. Sina moyo wa kuliona hilo pia."

Nilikuwa nimeandaa matusi, Baba. Yaliisha palepale. Na yeye amechoka.

Nikaenda na stiki hadi mlangoni kwa Mama. Nikampa ashike. Wewe unamjua, miaka yote aliyokamua alizeti pale mashineni, kwa mafuta na oili hadanganywi. Akaisugua kwa vidole, akainusa, akaisugua tena. Nikamwambia kila kitu: kwamba taa ilikuwa inaomba oili tangu siku ya arobaini, na kwamba jana haikuzimika, ilikatwa waya. Halafu akauliza, "Kwa hiyo siyo yeye?"

Nikasema siyo yeye, Mama. Ni oili.

Akasema, "Nilitaka awe yeye."

Akashuka. Akaingia ndani bila kushikwa mkono, akalala ameelekea ukutani na khanga yake ya safari. Mimi nilibaki nimeshika stiki. Sikuwa nimeelewa mpaka dakika ile. Sisi tulidhani ile taa inamtisha. Kumbe ndiyo iliyokuwa imebaki ikimjibu, na mimi nilikuwa nimetoka kumwua mume wake mara ya pili, asubuhi, kabla ya chai.

Baba mdogo alimleta fundi kwa bodaboda. Fundi akalala chini ya gari, akafukuza kuku, akacheka. Nati ya chini, ile ya kumwagia oili, ilikuwa inavuja taratibu tangu gari lilipowekwa, na mchanga wote ulikuwa mweusi. Yule kuku mweupe wa Mama alikuwa na tumbo jeusi wiki nzima, sisi tukasema analala kwenye majivu jikoni. Wote tulimwona. Hakuna aliyeinama kuchungulia. Fundi akaikaza nati, akabadilisha washa yake, ile pete ya kuzuia kuvuja, akajaza oili, akaurudisha waya. Akawasha na kuisikiliza injini muda mrefu ameinamisha kichwa, kisha akasema tuna bahati ya ajabu. Nikazungusha nusu: kibirika kipo. Nikawasha: kikaondoka chenyewe.

Nilienda mlangoni kwa Mama. Nikasimama tu pale nimeegemea fremu. Baadaye akainuka, akapapasa begi lake, akasema, "Twende, kabla hawajaondoka hao."

Njia nzima aliuliza mara moja tu, "Imewaka?"

Nikasema haijawaka.

"Sawa," akasema, akageukia dirishani ambako hakuwa anaona kitu.

Tuliwakuta. Wakamfanyia jicho la kulia. Walipomfungua kitambaa, uso wa kwanza aliouona ulikuwa wangu. Nilitegemea atanikumbatia. Akaniangalia kutoka kichwani hadi miguuni, akasema, "Umekonda hivi tangu lini?" Nikacheka hadi nesi akanituliza, kisha nikalia, na sikuona uvivu.

Tukiwa tunakaribia nyumbani akaniambia nisikate kushoto, ninyooshe makaburini. Nikasema apumzike kwanza, daktari amesema asipigwe na vumbi. Akasema ninyooshe. Nikasimamisha gari pembeni ya shamba. Alinikataza kumshika. Alipita kwenye mabua ya mtama anachagua mwenyewe pa kukanyaga, amejifunika jicho kwa khanga, nami nikamfuata nyuma kidogo kama mtu anayemchunga mtoto anayejifunza kutembea.

Unajua, Baba, sisi wote tulisahau. Siku ile tulimshika huku na huku, tukamwambia hapa ndipo, tupa udongo, akatupa. Tukadhani amekuzika. Yeye aliniambia pale, "Mimi udongo niliusikia tu." Hakuwahi kuliona kaburi lako. Hakuliona jeneza, hakuuona msalaba. Kwake ulitoka nyumbani ukiongea, ukaingia kwenye ukungu, na baada ya hapo kitu cha kwanza alichokiona kikiwaka kikawa gari lako.

Akasogea. Akagusa saruji. Akalisoma jina lako herufi moja moja kwa sauti, kama mtoto wa darasa la kwanza, mpaka mwisho. Nikajua sasa ataanguka, nikajiandaa kumdaka. Hakuanguka. Aliweka kiganja juu ya jina na kusema polepole, bila kulia:

"Kumbe uko hapa."

Kisha akakaa chini, akanyoosha miguu, akaanza kukusimulia. Nilirudi garini nikamwacha. Alikaa hapo mpaka kivuli cha msalaba kikawa kirefu, na mnayoyajua ninyi wawili siyaulizi.

Kwa hiyo usiwe na wasiwasi, Baba. Baba mdogo hajauomba ufunguo, nami sijaupeleka; kikao kikikaa nitasema yangu, na nitasema kwa adabu. Stiki naiangalia kabla ya kila safari. Madaktari wakirudi nitampeleka kwa jicho la kushoto. Na kila atakaposema nimlete kwako nitamleta, hata niwe nimechoka namna gani. Hiyo ni ahadi yangu.

Lala, Baba. Hajatulia bado, lakini sasa anajua pa kukupata.

Mwanao,
Rehema