Doa la Bizari

Jumanne, 4 Juni
Duka jipya la tambi limefunguliwa hapa Tenma, mkabala kabisa na kiduka cha tambi cha Bi Kinue. Saa tano haijafika, foleni imeshapinda kona. Watu wa Osaka tunajidai hatuna subira ya foleni — lakini tukiiona, lazima tujue mbele kuna nini. Ni tambi za mchuzi wa bizari, asema Terawaki, kinyozi wangu, ambaye ameshakula mara mbili. Nikamwambia mimi nina pangu pa kula, mwaka wa kumi na moja sasa. Akacheka. Eti kule sifuati tambi. Mdomo wake mwepesi kuliko mkasi.

Nikala kwa Bi Kinue kama kawaida. Viti sita, watu watatu. Vijiti vyangu vya kulia vimo kwenye kopo lake dirishani, vimeandikwa Kuwata. Anawawekea wateja wa kudumu tu. Mteja akifa au akihama, huvifunga kwenye karatasi nyeupe na kuvirudisha kwa mwenyewe au jamaa zake. Mwaka jana alirudisha vya wawili.

Ijumaa, 7 Juni
Nimekwenda. Mara moja tu, ili nipate cha kuponda! Nikajificha kwenye foleni nyuma ya mwavuli saa nzima, hatua chache kutoka mlango wa Bi Kinue. Niliomba tambi ziwe mbaya. Jamani, ni tamu. Nilikunywa mchuzi mpaka nikaona chini ya bakuli.

Kisha saa saba kasoro robo nikavuka barabara, nikakaa kwenye kiti changu, nikala tena. Nusura nipasuke. Bi Kinue alinitazama kola ya shati, akaniletea bakuli kubwa ambalo sikuagiza. Eti nimekonda. Nyumbani, kwenye kioo — doa la njano chini ya kola, kubwa kama punje ya hindi.

Jumamosi, 8 Juni
Shati safi. Bakuli kubwa tena. “Kula, Bwana Kuwata. Au kuna mahali wameshakulisha?”

Huyu mama hagombi, analisha. Nilimaliza lote. Kazini, piano ya mteja wa saa nane niliirekebisha nikiwa nimefungua kifungo cha suruali.

Jumanne, 11 Juni
Bakuli kubwa. Leo nilikuwa mteja pekee. Akiwa anasugua sufuria, amenipa mgongo, akasema anafikiria kufunga duka mwishoni mwa Agosti. Kwa sauti ile ile anayosemea habari za mvua. Nikaweka vijiti chini.

Niandike, maana hakuna asomaye humu: nampenda. Miaka sita sasa nampenda. Fusae, marehemu mke wangu, asingekuwa na la kunilaumu; ameondoka zamani, nami sikumpenda mwingine hadi huyu. Duka likifungwa sina kisingizio cha kumwona. Nami nimekwenda kulamba bakuli la mshindani wake.

Nikakiri yote. Foleni, mwavuli, doa.

“Najua,” akasema. “Mwavuli uliojificha nyuma yake ni wangu. Nilikuazima Mei.”

Ni kweli. Wa maua mekundu. Mtaa mzima unaujua.

Akauliza kama ni tamu kweli. Nikasema si kama zako. Akageuka.

“Usinidanganye. Ukidanganya masikio yanakuwa mekundu.”

“Ni tamu,” nikasema. Akarudi kwenye sufuria yake.

Ijumaa, 14 Juni
Vijiti vyangu havimo kwenye kopo. Kanipa vile vya kutupa, vya wapita njia. Sikuthubutu kuuliza. Bakuli la kawaida. Nimelitamani lile kubwa, mjinga mimi.

Jumapili, 16 Juni
Bi Kinue kapiga simu asubuhi. Leo hafungui, nije saa nne na nusu nje ya lile duka jipya la mbele. Nilijua: ananirudishia vijiti, na amechagua mahali pa kunifundisha adabu.

Naandika nikiwa foleni. Yuko kando yangu, kavaa blauzi nyeupe — nyeupe, kwa mchuzi wa bizari! Kauliza naandika nini. Nimemwambia hesabu za piano. Katazama masikio yangu.

Anasema hawezi kufunga duka kwa ajili ya chakula ambacho hajakionja. Kisha akanipa kifurushi cha karatasi nyeupe. Nikafungua: vijiti vyangu, na vyake, pamoja.

“Vya humu vinateleza, nasikia,” akasema. “Ndiyo maana watu wanarudi na madoa.”

Nikaenda mlangoni kuona zamu yetu ni ya ngapi. Pale kuna orodha; kila kundi huandika jina moja la ukoo na idadi ya watu. Yeye alifika kabla yangu, kwa hiyo nikatafuta Hamaji, jina lake la ukoo. Hakuna Hamaji. Nikasoma tena kutoka juu. Mstari wa tano, kwa mwandiko wake ule ule wa kwenye menyu: Kuwata, watu wawili.

Nimerudi kando yake. Anaangalia mawingu kana kwamba yanamhusu sana, na safari hii masikio mekundu ni yake.

Msichana wa aproni ametoka na karatasi. Anaita Kuwata. Nimefungua mdomo — Bi Kinue ameshaitika. Anasema nifunge daftari, tunawachelewesha watu, na