Niliyempandisha Kitandani

Jumatano. Manyunyu tangu asubuhi, na baridi ile ya Babati inayoingia mpaka kwenye mifupa. Nimefika nyumbani Bagara na sijavua hata sare.

Leo nimemtesa mtu. Naandika hivyo kwa sababu sioni neno jingine.

Mimi ni muuguzi wa wodi ya wazazi, hospitali ya serikali. Wanaokuja kujifungua wanaongezeka, vitanda ni vilevile, kwa hiyo tunawalaza wawili wawili. Jana Paulina, binti kutoka Maisaka, alijifungua mtoto wake wa kwanza. Mtoto hakulia. Nafasi iliyobaki ilikuwa kwenye kitanda cha Mama Zuhura, aliyejifungua salama kwa upasuaji. Nikamlaza Paulina hapo, kando ya mtoto wa mwenzake.

Asubuhi nikamkuta Paulina ametandika kanga sakafuni. Tulikuwa tumeshaambiwa kwamba wageni kutoka wizarani wako njiani, na mgonjwa yeyote asionekane chini.

"Panda kitandani, mama."

Wodini wote tunawaita mama. Hata yeye.

"Sista, niache hapa. Yule mtoto akilia, maziwa yananitoka."

Nilimsikia vizuri. Nikamwambia wageni wako getini, asinitafutie matatizo. Nikamshika mkono, nikamwinua. Mama Zuhura akajisogeza na kidonda chake, kichanga kikabaki katikati yao.

Wageni walipita upesi. Mmoja, mama mtu mzima mwenye sura ya upole, akasimama pale na kumwinamia Paulina.

"Hongera, mwanangu. Mtoto hajambo?"

Paulina akanitazama. Nilikuwa nimeshika faili lake. Nikaliinamia kana kwamba nasoma.

"Hajambo," akasema.

Mgeni akasifu usafi wa wodi, wakaondoka. Paulina akashuka, akalala tena chini, na safari hii hakuna aliyemsumbua. Baadaye nilimfuata nikitaka kumwomba radhi. Nilichosema ni, "Lete mkono nipime presha."

Akaleta.

Kabla sijatoka, muuguzi kiongozi ametushukuru kwa kujipanga vizuri. Nami nimeitikia asante.

Njia nzima nimekuwa nikijitetea kwamba vitanda havitoshi, na ni kweli havitoshi. Lakini kumwambia yule mgeni kwamba mtoto wa Paulina amefariki, kulihitaji kitanda gani?